Ua wa Miforosadi

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kwenye safu, na kwa hivyo tulikuwa na kitu ambacho waliokaa katikati hawakuwa nacho: kiwanja cha mbele na cha ubavuni. Usifikirie bustani. Kilikuwa kipande cha udongo mweusi uliopasuka nyufa wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha ukawa unawavua watu viatu. Waliotoka viwandani jioni walipita katikati yake kufupisha njia, wengine wakisukuma baiskeli, wengine wakisimama kabisa chini ya dirisha letu kumalizia mazungumzo. Mama alikuwa jikoni anageuza ugali huku akisikia siri za watu asiowajua.

"Nataka ua," alimwambia baba Jumapili moja.

"Panda kaiyaba," baba akajibu bila kuinua macho kwenye gazeti. Nyua nyingi za Nairobi wakati ule zilikuwa za kaiyaba, ule mti wa miiba mirefu ambao hata ng'ombe hajaribu kuupenya.

"Kaiyaba itamtoboa mtoto jicho. Tena nimwagilie kitu maji mwaka mzima, halafu kinipe miiba na matunda ya kukunja uso?"

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, katika mtaa mmoja wa nyumba za kanju, yaani baraza la jiji, upande wa mashariki wa Nairobi. Baba alikuwa fundi wa kuchomea vyuma katika karakana, na mama alikuwa mpishi katika shule ndogo ya chekechea ya masista, mwendo wa kutembea kutoka kwetu kuelekea Pumwani. Wazazi wangu walitoka magharibi mwa nchi, na kwao nyumba isiyo na kitu cha kuchuma mlangoni ilikuwa kama haijahamiwa. Nyuma ya nyumba mama alikuwa tayari amepanda sukuma wiki na kunde kila mahali palipoingia jembe. Ila mbele hakutaka mboga. Alisema mbele ya nyumba ni uso, na uso lazima upendeze.

Kule kwa masista kulikuwa na mti mkubwa wa forosadi uliofunika paa la darasa. Kila mwaka mtunza bustani aliupunguza matawi, nayo yakatupwa kando ya shimo la taka. Mama aliomba mzigo mmoja. Alirudi nao jioni kichwani, umefungwa kwa gunia lililoloweshwa, maji yakimchuruzika shingoni hadi ndani ya kola. Aliyakata matawi vipande vya urefu wa mkono wangu, akavichomeka ardhini vikiwa vimeinama kidogo, akaniambia nishike kamba ili safu inyooke. Alianzia ubavuni, akapinda kona ya mbele, akaishia pale tulipopakana na jirani. Baba alitoka akasimama na kikombe chake cha chai.

"Umepanda kuni," akasema.

Kwa majuma kadhaa zilikuwa kuni kweli. Waliozoea kupita hapo waliendelea kupita, na asubuhi mama alikuta vingine vimekanyagwa, akavirudishia. Maji ya mfereji yalikuwa ya kupangiwa foleni, kwa hivyo hakumwagilia maji safi. Alitumia ya kusuuzia nguo. Na hapa lazima niseme jambo la haki kuhusu jirani yetu, kwa sababu mbele nitamsema kwa mengine. Mama yule wa mlango wa pili, mfanyabiashara wa viazi aliyetoka upande wa Murang'a, ndiye aliyemletea mama ndoo yake ya maji ya kusuuzia bila kuombwa. "Kwa nini niyamwage mtaroni," alisema, "na wewe unahangaika na vijiti vyako."

Jirani huyo alikuwa na binti wa rika langu. Tulikwenda shule pamoja na kurudi pamoja, tulisukana nywele kwenye ngazi ya mlango, na Kikuyu chote nilichojua, ambacho kilikuwa cha kuchezea tu, nilikipata kwao. Mume wa jirani alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana kwa siku chache na kuondoka tena. Jirani mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye sauti, mtu wa kuamka mapema. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa lao, na sare zao zilikuwa nyeupe: blauzi nyeupe, kitambaa cheupe cha kichwa. Kwa kuwa yeye alikuwa na kamba ndefu ya kuanikia, yeye ndiye aliyefua vitambaa vya meza ya kanisa na sare za wale wazee wasioweza tena kufua. Kila Ijumaa kamba ile, iliyonyooshwa kando tu ya mpaka wetu, ilijaa weupe wa kuumiza macho.

Vijiti vilichipua. Majani yakatoka mapana, ya kijani kinachong'aa, na baada ya mvua za mwaka wa pili ua ulinifika kifuani. Wapita njia wakaanza kuzunguka. Baba hakusema lolote kuhusu kuni tena, lakini jioni moja nilimwona amesimama pale akishika jani kati ya vidole viwili kama anayepima kitambaa dukani.

Matunda yalianza kama viwavi vidogo vya kijani. Yakawa mekundu, nasi watoto tukayavamia yakiwa bado makali, tukakunja nyuso kwa ukali wake. Mama alitufundisha kungoja. "Likiwa jekundu bado halijawa lako," alisema. "Ngoja liwe jeusi. Ukiligusa tu litakufuata lenyewe." Na kweli, tunda jeusi lilianguka kiganjani kabla hujalivuta, laini, tamu, likakuachia vidole vya zambarau ambavyo mwalimu alivikagua Jumatatu kwa mashaka. Mama alichemsha mengine na sukari kidogo tukapaka mkate. Mengine aliyatia kwenye uji. Watoto wa safu nzima walijua mlango wetu, na mama aliwaruhusu, sharti moja: tawi lisivunjwe.

Shida ni kwamba hakuwaalika ndege, nao walikuja. Walikuwa wa kila aina, lakini wabaya zaidi walikuwa wale wadogo wa kijivu wenye mikia mirefu, wanaotembea kwa makundi na kuning'inia matawini kama panya. Walikula forosadi kutwa nzima. Wakishashiba walihitaji mahali pa kutua, na mahali pazuri kuliko pote palikuwa kamba ya jirani.

Ijumaa ya kwanza alicheka. Aliondoa kitambaa kimoja chenye doa la zambarau, akakifua tena. Ijumaa ya pili vilikuwa vingi, na hakucheka. Alisimama upande wake wa ua, kitambaa cha meza ya kanisa kimetandazwa mikononi mwake.

"Jirani, tazama hii."

"Pole sana," mama akasema. "Lete nikufulie."

"Nimeshafua. Nimechemsha. Halitoki. Hii ni ya kanisa, si yangu."

Mama alisema kuna njia ya kulitoa, lakini jirani alikuwa ameshachoka kusikiliza. Alisema miti ikatwe. Mama akasema kamba inaweza kusogezwa. Jirani akasema kamba ilikuwepo kabla ya miti. Hilo lilikuwa kweli, na nadhani ukweli wake ndio uliomkasirisha mama, maana alijibu jambo ambalo sikuwahi kumsikia akimjibu mtu mzima: kwamba Mungu aliyeumba ndege anajua wanakokwenda choo. Jirani alikunja kitambaa polepole, mara nne, akaingia ndani akafunga mlango.

Kuanzia hapo hawakuzungumza. Ndoo ya maji ya kusuuzia ilikoma. Mimi na rafiki yangu hatukukatazwa kwa maneno, lakini kila mmoja aliitwa nyumbani kila alipoonekana na mwenzake, kwa hivyo tukajifunza. Asubuhi alitangulia yeye, nami nikamfuata nyuma nikitazama mkoba wake ukimpigapiga mgongoni. Darasani tuliketi dawati moja tukiwa kama wageni. Nilikuwa darasa la tano, na nasema kwa dhati kwamba sijawahi kupata upweke kama ule, ingawa tangu hapo nimeishi peke yangu nchi za watu.

Baba hakupenda ugomvi. Alikuwa mtu wa kufanya kazi na watu wa kila kabila na kurudi nyumbani akitaka kimya. Jumamosi moja, mama akiwa sokoni, alichukua panga akaukata ua wote hadi chini ya goti. Mama aliporudi alitua kikapu, akatazama vile visiki, akaingia ndani kupika. Chakula kilikuwa kizuri kama kawaida, ndipo tukajua ameumia, kwa sababu akiwa na hasira za kawaida aliunguza.

Baba hakujua, na hakuna yeyote kati yetu aliyejua, kwamba mforosadi ukikatwa ndipo unapozaa. Matunda hutoka kwenye machipukizi mapya. Mvua zilipofika, kila kisiki kilitoa fimbo kumi mahali pa moja, na kila fimbo ikabeba matunda toka chini hadi juu. Ua ulirudi mnene kuliko mwanzo, nao ndege wakaitana toka mitaa mingine. Jirani alikuja safari hii kwa baba, jioni, akiongea kwa adabu ya kutisha.

"Baba wa watoto, mimi sitaki kufika ofisini kwa kanju. Tumekaa vizuri miaka yote hii. Lakini ing'olewe. Isikatwe. Ing'olewe."

"Itang'olewa," baba akasema. "Nipe mpaka Jumamosi, niwe na siku ya mapumziko."

Mama alikuwa ndani, amesimama nyuma ya pazia. Hakutoka.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kabla ya mazungumzo hayo mtu mwingine alikuwa ameingia nyumba ya pili. Baba mzazi wa jirani alikuwa amefariki huko kwao mashambani, na baada ya mazishi jirani alirudi na mama yake. Sisi watoto tulimwita shosho, yaani nyanya kwa Kikuyu. Alikuwa mdogo wa mwili, masikio yake yametobolewa matundu makubwa yasiyo na kitu, na siku zote alijitanda shuka la rangi ya maziwa lililofungwa begani. Walimweka kwenye kiti kidogo mlangoni apate jua. Aliketi akitazama ukuta wa nyumba ya mkabala kutoka asubuhi hadi jua lilipomhama. Hakuuliza kitu. Na hakula.

Mwanzoni watu walisema ni huzuni, itapita. Haikupita. Walimpikia githeri ya mahindi na maharagwe, wakamsagia, wakamwekea maziwa, wakamchemshia ndizi na kuziponda. Alikuwa akifungua mdomo kidogo kwa heshima ya bintiye, akipokea kijiko kimoja, halafu kile chakula kikakaa shavuni mpaka kikafutwa kwa leso. Walimpeleka hospitali wakaambiwa hana ugonjwa wa kuonekana, ajitahidi kula. Ukuta kati ya nyumba zetu ulikuwa mwembamba, na alasiri mama akiwa ametoka kazini tulimsikia jirani akimbembeleza kwa Kikuyu, mara kwa upole, mara kwa ukali, kisha tukamsikia jirani mwenyewe akilia kwa sauti ya chini ya mtu anayejiziba mdomo.

Mama aliweka chini kisu cha vitunguu. Alipika uji wa wimbi, akautia kwenye kikombe chenye kifuniko, akanipa mimi. "Peleka. Usiseme ni mimi." Nani mwingine angeutuma? Jirani alipokea, akaniangalia, akasema asante. Kikombe kilirudi kesho yake kikiwa kimeoshwa, na rafiki yangu aliyekileta alininong'oneza kwamba shosho hakuugusa. Hata hivyo mama alituma tena. Hawakuzungumza, lakini kikombe kilikwenda na kurudi, na nyumba zote mbili zilikijua.

Alhamisi ya juma lile ambalo ua ulipangiwa kung'olewa, shule zilikuwa zimefungwa. Asubuhi jirani aliingia ndani kuchukua mafuta ya kumpaka mama yake miguu. Alipotoka kiti kilikuwa kitupu.

Alimwita kwanza kwa sauti ya kawaida. Akazunguka nyuma ya nyumba, akaangalia vyooni, akauliza mlango kwa mlango kwenye safu. Nilipomsikia tena sauti yake ilikuwa imebadilika, nami nikatoka nje nikakuta watu wamekusanyika. Mwanamke mzee asiyejua jiji, ambaye hakuwa na nguvu ya kufika mferejini, alikuwa ametoweka.

Mama alikuwa mapumzikoni pia, kwa kuwa chekechea ilifungwa. Alitoka akijifuta mikono. Alimkuta jirani amesimama katikati ya njia bila viatu, chupa ya mafuta bado mkononi. Sijui walitazamana vipi, maana walinipa migongo. Nilisikia tu mama akisema, "Amevaa nini?"

"Shuka lake. Lile jeupe."

"Basi ataonekana. Wewe nenda barabarani. Mimi naenda mtoni."

Mto uliopita chini ya mtaa ndio kila mtu aliouwaza na hakuna aliyetaka kuutaja. Mama aliutaja, akafunga leso kiunoni, akaondoka kwa mwendo ambao sikujua anao. Mtu alitumwa karakana kumwita baba. Baba aliomba ruhusa, akapanda baiskeli akiwa bado na ovaroli, akaenda moja kwa moja kituo cha mabasi ya mashambani, kwa sababu aliwaza kwamba mzee aliyefiwa na mumewe atatafuta njia ya kurudi kwake. Vijana waliokuwa wakicheza karata kona ya duka walizitupa wakagawana njia za mtaa. Mimi na rafiki yangu tuliachwa tulinde milango, pengine arudi mwenyewe. Tuliketi kila mmoja kwenye ngazi yake. Baada ya muda alihama, akaja kukaa kwangu. Hakuna aliyekuwepo wa kumwita.

"Akifa," aliniuliza, "nitakuwa nimefanya nini?"

Sikuelewa swali. Alinieleza kwamba usiku uliotangulia alimwambia shosho ale, kwa sababu anamkondesha bintiye. Alimwambia kwa ukali. Nilimshika mkono.

Mama alirudi wa kwanza. Alikuwa na matope hadi magotini na hakuwa na habari. Alikuja kubadili viatu aende upande wa pili wa daraja. Alipokuwa akipita ubavuni mwa nyumba aliona ua unatikisika karibu na ukuta, pale ulipokuwa mnene zaidi, akadhani ni watoto.

"Nani huyo anavunja matawi leo?" akasema. "Hamwoni watu wana shida? Tokeni."

Ua ukajibu kwa Kikuyu. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, isiyo na wasiwasi, na ilisema kitu kama, "Sivunji. Nachuma."

Mama alisogeza matawi kwa mikono miwili. Kati ya ua na ukuta wetu kulikuwa na nafasi nyembamba ambapo sisi watoto tulijificha wakati wa kucheza. Shosho alikuwa ameketi humo, miguu imenyooshwa, mgongo umeegemea ukuta uliopata joto la jua. Alikuwa amekunja pindo la shuka mapajani likawa kama kikapu, na kikapu kilijaa forosadi nyeusi. Alikuwa akila. Alichukua moja, akaliangalia, akalitia mdomoni, akatafuna, akameza, akachukua jingine. Midomo yake ilikuwa ya zambarau, na kidevu, na vidole hadi viganjani. Alimwangalia mama bila kushtuka, akamnyoshea tunda.

Mama alilipokea akalila. Kisha akaketi pale pale kwenye udongo. Alipotuona tumesimama nyuma yake alituambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, "Kimbieni barabarani. Mwambieni amepatikana. Anzeni na hilo neno mkiwa mbali, msingoje mfike."

Tulikimbia tukipiga kelele za neno hilo moja. Tulimkuta jirani karibu na kituo cha basi akimwuliza utingo wa gari. Alitusikia kabla hajatuona. Alirudi nasi akikimbia, mwanamke mzima yule, na watu wakampisha njia. Lakini alipofika na kupenyeza kichwa uani, alichokiona kwanza ni shuka jeupe lenye madoa mekundu meusi kifuani na mapajani, na mdomo wa mama yake umelowa rangi hiyo hiyo. Alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza.

"Ni matunda," mama akasema upesi, akimshika mkono. "Ni matunda tu, dada. Mwangalie. Anakula."

Jirani aliangalia. Shosho alitafuna, akameza. Koo lake lembamba likapanda na kushuka. Halafu akamwambia bintiye, kwa Kikuyu cha mtu aliyekatizwa kazi, "Leta bakuli. Hili shuka linavuja."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza ya kuomba kitu tangu aje Nairobi. Jirani alicheka, akalia, akaingia uani akiwa amepiga magoti na kumkumbatia mama yake na forosadi zote, zikapondeka kati yao, na blauzi yake nayo ikaharibika. Hakuna aliyekumbuka bakuli. Niliingia ndani nikalileta mimi, lile la kukandia unga, na nilipolinyosha kupitia matawi mikono mitatu ililipokea.

Baadaye shosho alieleza, na rafiki yangu akanitafsiria yale yaliyonipita. Alisema kutoka kwenye kiti chake aliona ndege wakiingia na kutoka, akajua kuna kitu kimeiva. Alipokuwa msichana akichunga mbuzi wa baba yake kwenye miteremko alikuwa akila matunda meusi ya porini, ya miiba, hadi jioni hataki chakula cha nyumbani. Haya yetu hayakuwa yale, alisema, ni matamu mno, hayana uchachu wa kutosha, lakini ni ndugu. Alisimama aende kuonja moja. Alisikia anaitwa, akaona wanaomwita watamwambia ale.

Baba alirudi mwisho wa wote. Alikuwa ameuliza kila kondakta wa basi la kwenda mashambani na kila mama mwuza maembe kituoni, na shati lake chini ya ovaroli ungelikamua. Aliegemeza baiskeli ukutani, akamwona shosho ameketi kwenye kiti chetu cha wageni, amewekewa mto, na wanawake wawili waliokuwa hawazungumzi wameketi kwenye mkeka mmoja wakichambua matunda na kuondoa vikonyo. Alisimama. Aliingia ndani, akanywa jagi zima la maji akiwa amesimama, kisha tukamsikia akivuta pumzi ndefu chumbani na kitanda kikalia. Alilala na viatu. Kabla ya siku hiyo baba hakuwahi kulala mchana maishani mwake.

Alasiri hiyo mama alifua shuka la shosho. Alichuma forosadi changa, zile za kijani na nyekundu, akazisugua kwenye madoa kama sabuni, akasuuza, akasugua tena. Madoa yalififia mbele ya macho yetu hadi ukayatafuta. Masista ndio waliomfundisha. Jirani aliangalia kazi yote.

"Hii ndiyo ulitaka kuniambia siku ile," hatimaye akasema.

"Ndiyo hii."

"Sikukupa nafasi."

"Nami nilikujibu vibaya. Lile neno la ndege lilikuwa baya."

"Lilikuwa baya," jirani akakubali, na mabega yake yakaanza kutikisika, na mama naye, mpaka ikabidi waweke beseni chini. Sikujua kama wanacheka kwa ajili ya ndege au kwa ajili ya mto ule ambao mama alikuwa ametoka kuutazama. Nadhani ilikuwa kwa ajili ya mto.

Jumamosi baba alitoka na jembe na sululu, kwa kuwa alikuwa ametoa ahadi na hakuwa ameambiwa vinginevyo. Jirani alimkuta kwenye kona ya mbele anakunja mikono ya shati.

"Hapana, baba wa watoto," akasema. "Njoo unichimbie huku." Alimwonyesha nyuma ya nyumba yake, mbali na mpaka, ambako kulikuwa na nafasi ya milingoti. Baba alichimba mashimo, akaichomea milingoti yenyewe karakanani kutoka mabomba ya zamani, na kamba ikahamia huko. Ndege waliendelea kula na kutua wanakopenda, na mara moja moja doa lilionekana, likasuguliwa kwa matunda mabichi.

Shosho hakupona siku ile moja kama nilivyowasimulia watoto wa shule. Kwa siku kadhaa alikula forosadi tu. Halafu mama akaziponda ndani ya uji wa wimbi, uji ukawa wa zambarau, akanywa nusu. Halafu kikombe. Jirani alikuwa akija kutuambia kila hatua kana kwamba ni mtoto anayeota meno: leo amekula kiazi, leo ameuliza chumvi iko wapi, leo amenigombeza kwamba githeri haijaiva. Siku aliyogombezwa alikuja akiwa na furaha kuliko siku zote. Msimu wa matunda ulipokwisha, shosho alikuwa ameshasahau kuyategemea. Kiti chake kilihamishiwa kando ya ua wetu, akawa anawafukuza watoto waliovunja matawi, kwa Kikuyu, na kila mtoto wa kila kabila alimwelewa.

Nami nilirudishiwa rafiki yangu. Hakuna aliyetangaza. Jumatatu shule zilipofunguliwa alisimama mlangoni kwetu na mkoba wake mgongoni, mama akampa kipande cha mkate, tukaondoka. Njia nzima hatukuzungumza jambo la maana, na nilisikia mwili wangu wote umekuwa mwepesi.

Shosho alirudi mashambani baada ya mvua za masika, akitembea mwenyewe hadi kwenye gari, akikataa kushikwa. Aliishi miaka mingi kuliko alivyotarajiwa na yeyote. Alipofariki, mimi nikiwa sekondari, mama aliomba ruhusa kazini akaenda na jirani kwenye mazishi. Alirudi Jumapili jioni, viatu vimejaa udongo mwekundu wa kule, akaketi akaninyoshea miguu nimvue. Nilimwuliza ilikuwaje.

"Tumemzika vizuri," akasema. "Watu walikuwa wengi, na chakula kilitosha." Kisha akaniomba chai.